MTU HAKATAI MWITO

Hotuba iliyosomwa na karani mstaafu wa mahakama mbele ya mkutano wa wanachama, Tanga



Mwandishi wetu aliponiletea barua ya kunitaka niseme neno, nalitaka kukataa, kwa kuwa ulimi wangu ni mzito, na kazi yangu ya miaka yote ilikuwa kuandika maneno ya watu wengine, si kusema yangu. Lakini nikakumbuka methali ya wazee wetu wa pwani isemayo, Mtu hakatai mwito, hukataa aitiwalo. Basi nimekuja. Na methali hiyo hiyo nimeifanya kuwa kichwa cha maneno yangu, maana jambo nitakalolieleza ni hilo: mtu mwenye daawa ya madai, awe mdai au mdaiwa, akiitwa aje kutoa maneno yake naye hataki kuja, sheria yamlazimishaje? Na sisi makarani tuna sehemu gani katika kulazimishwa huko?

Mji wetu huu una sifa katika jambo la kuitika. Ni hapa Tanga, mwaka 1922, watumishi Waafrika wa Serikali walipoanzisha chama chao, wakiongozwa na Bwana Martin Kayamba. Mwaka 1931 huyo Bwana Kayamba aliitwa kwenda London, pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Bwana Francis Lwamgira wa Bukoba, ili watoe maneno mbele ya Kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Walivuka bahari, wakaulizwa, wakajibu. Hawakushikwa na askari, wala hawakuandikiwa faini. Lakini si watu wote walio hivyo, na ndiyo sababu sheria iliwekwa.

Sheria tuitumiayo katika mahakama za wilaya na zilizo juu yake ni Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966. Mama yake ni sheria ya India ya mwaka 1908, iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1920, na mwenye kuzisoma zote mbili ataona kuwa mtoto amefanana sana na mama. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zao fupi za mwaka 1964. Sitawachosheni kwa hesabu za vifungu. Nitasema maana yake, kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2021 sheria imekifanya kuwa lugha ya mahakama zetu.

Neno la kwanza ninalotaka mlishike ni kuwa shahidi ni mtu mbali na mdaawa ni mtu mbali, na kila mmoja hulazimishwa kwa njia yake.

Shahidi hana faida katika daawa. Yeye aliona mkataba ukitiwa sahihi, au alisikia maneno siku fulani, basi. Akikaa nyumbani hapotezi kitu. Kwa hiyo sheria ina mkono mzito juu yake: akipelekewa samansi sawasawa asije, na hana udhuru wa haki, mahakama yaweza kutoa hati akamatwe, au mali yake ikamatwe, au atozwe faini, au atakiwe kuweka dhamana kwamba atafika. Lakini mkono huo huo mzito una huruma ndani yake. Mwenye kutaka shahidi aitwe sharti kwanza aweke mahakamani fedha ya nauli yake ya kuja na kurudi na posho yake ya siku moja. Haifai kumwambia mkulima wa Mombo aache shamba lake, apande gari mpaka Tanga kwa fedha yake mwenyewe, kwa ajili ya ugomvi wa watu wawili asiowajua. Na samansi sharti impate mapema, apate nafasi ya kujitayarisha na kusafiri.

Mdaawa ni mtu wa namna nyingine. Yeye ndiye mwenye mali inayogombewa. Naye aweza kuitwa na upande wa pili kuwa shahidi, na hapo sheria za mashahidi humpata pia. Lakini kwa kawaida mdaawa hashikwi mkono: hushikwa daawa yake. Mdai asipofika siku ya shauri, daawa yake yaweza kufutwa. Mdaiwa asipofika, na ikathibitika kuwa aliitwa, shauri husikizwa kwa upande mmoja na hukumu hutolewa. Mdaawa aliyeamriwa ajibu maswali ya maandishi au aonyeshe karatasi zake, akakaidi, akiwa mdai daawa yake yaweza kuondolewa, na akiwa mdaiwa majibu yake yaweza kufutwa, awe kama mtu ambaye hakujibu kitu. Na mdaawa aliyepo barazani, akitakiwa na hakimu atoe ushahidi naye akakataa pasipo sababu, hakimu aweza kumhukumia papo hapo. Wazee walikwisha sema haya zamani kwa maneno machache: Asiyekuwapo na lake halipo.

Nimesoma kuwa huko Marekani, tangu kanuni zao za mwaka 1938, wadaawa hawangoji siku ya shauri. Wakili wa upande mmoja humwandikia mwenzake barua kwamba siku fulani, mahali fulani, nitamwuliza mteja wako maswali kwa kiapo, na mwandishi ataandika kila neno. Kwa mdaawa barua hiyo yatosha, haihitaji samansi. Samansi ni ya shahidi asiye mdaawa. Mdaawa asipokwenda, jaji aweza kumlipisha gharama, au kusema kwamba yale aliyotaka kuulizwa yahesabiwe kuwa kweli, au hata kumtoa katika shauri kwa hukumu. Kwetu desturi ni kwamba maneno hutolewa mbele ya hakimu mwenyewe, na nje ya baraza ni kwa amri yake tu. Lakini mtaona kuwa mzizi ni mmoja, huko na huku: shahidi hukamatwa mwili, mdaawa hukamatwa haki yake.

Sasa, Mabwana, hapo penye nguvu ndipo penye hatari. Kama adhabu ya mdaawa asiyekuja ni kupotewa na haki yake, yatupasa tuwe na yakini kuwa kweli aliitwa. Na yakini hiyo hakimu haipati mbinguni. Aipata katika karatasi moja ndogo, ile hati ya kiapo ya tarishi aliyepeleka samansi, iliyopitia mezani kwa karani. Nitawapa habari ya karatasi moja ya namna hiyo, nami nawaomba radhi kwa kuwa habari yenyewe hainipi sifa.

Nalikuwa karani kijana katika mahakama moja ya pwani hii, nisiyoitaja jina. Mfanya biashara mmoja alimshtaki mzee mmoja mvuvi kwa deni. Mzee alikuwa amekopa fedha za kununulia mashua, na mdai alisema kuwa hajalipwa hata senti. Samansi ikatoka, tarishi akaichukua. Baada ya siku mbili akairudisha, nyuma yake ameandika: Nimemkuta mwenyewe, amepokea, amekataa kutia sahihi. Sheria yamtaka tarishi aandike saa na namna alivyoipeleka, na jina na makao ya mtu aliyemwonyesha yule mwenye kuitwa na kushuhudia akipewa. Pale mahali pa jina palikuwa patupu. Naliona kuwa ni patupu. Lakini ilikuwa saa tisa alasiri, majalada yamejaa mezani, na tarishi yule nalimjua kuwa ni mtu mwenye heshima zake. Nikapiga mhuri, nikaweka karatasi jaladani.

Siku ya shauri mzee hakuja. Hakimu akauliza, Ameitwa? Nikasimama, nikasema, Ndiyo, Mheshimiwa, hati hii hapa. Shauri likasikizwa kwa upande mmoja, hukumu ikatoka, na baadaye amri ya kukamata nyumba. Tangazo la mnada likabandikwa mlangoni.

Mzee yule alikuwa wapi? Alikuwa Pemba, katika chumo la karafuu, kama walivyokuwa wakienda watu wengi wa pwani yetu msimu ukifika. Samansi aliachiwa kijana wa kazi aliyekuwa akichota maji pale nyumbani, naye hakujua kusoma, akaitia chini ya mkeka. Na sheria imesema wazi kuwa mtumishi wa nyumbani si mtu wa jamaa wa kupokelea samansi. Mzee aliporudi aliiona karatasi ya Serikali mlangoni mwake kabla hajaona uso wa mtu. Mkewe hakuwamo. Alikuwa amehamia kwa ndugu yake, kwa kuona haya ya watu waliokuwa wakisimama njiani kulisoma tangazo.

Alikuja ofisini kwangu asubuhi yake, ameshika kopo la chai. Alilifungua, akatoa stakabadhi moja moja, akazipanga juu ya meza yangu kama mtu apangaye karata. Zote za mdai yule yule, kwa sahihi yake. Nikajumlisha: sehemu nne katika tano za deni zilikwisha lipwa. Akaniuliza, Mwanangu, kwa nini hamkuniita? Nikafungua jalada kumwonyesha kuwa aliitwa, akatazama siku iliyoandikwa, akasema kwa upole, Siku hiyo nalikuwa Wete, na nahodha aliyenivusha yuko pwani, mwulize.

Hukumu ya upande mmoja yaweza kuombwa itenguliwe, lakini sheria imetoa siku 30, na siku hizo zilikuwa zimepita. Ikamlazimu kwanza aombe aongezewe muda, kisha aombe hukumu itenguliwe. Kila ombi lina ada yake na kiapo chake, na karafuu za Pemba zikaishia humo. Hakimu akamwita tarishi aulizwe kwa kiapo, naye akakiri kuwa hakumwona mwenyewe. Kisha hakimu akanigeukia mimi. Hakunikaripia. Aliuliza neno moja tu: Karani, ni nani aliyemwonyesha tarishi mtu huyu? Nikatazama pale patupu, nisiwe na la kujibu.

Hukumu ilitenguliwa, shauri likasikizwa upya, na mzee akaamriwa kulipa sehemu ile moja iliyobaki, naye hakuikana hata siku moja. Nyumba ilisalimika. Lakini mkewe alichelewa sana kurudi, na sijui kama haya ile ilimtoka. Tarishi alipata adhabu yake kwa mkuu wake. Mimi sikupata adhabu yo yote, ndiyo sababu nimeichukua mpaka leo.

Twasema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kuwa na daftari nayo, ikiandikwa uwongo, yaweza kupoteza mali ya mtu, tena kwa habari na kwa mhuri.

Mtasema, Je, na yule anayejificha makusudi? Mtu ambaye akimwona tarishi kwa mbali hupitia mlango wa uani? Wapo, nami nimewaona wengi, na baadhi yao walikuwa watu wenye kanzu safi kuliko zetu. Sheria haikumwacha mdai bila silaha. Mwenyewe asipopatikana, aweza kupewa mtu mzima wa jamaa yake akaaye naye. Akikataa kupokea, au asipoonekana baada ya kutafutwa kwa bidii, nakala hubandikwa mlangoni pa nyumba akaayo, na tarishi huandika jinsi alivyofanya na nani aliyemwonyesha nyumba. Na hayo yasipotosha, hakimu aweza kuamuru aitwe kwa njia nyingine, kama kutangazwa gazetini. Baada ya hapo hawezi kusema sikuitwa. Lakini kila mlango katika milango hii una ufunguo wake, nao ni maandishi ya kweli. Mwenye kujificha hushindwa na karatasi iliyoandikwa sawasawa. Mwenye kuonewa huokolewa na karatasi hiyo hiyo.

Na yuko asiyejificha, ila hawezi kuja. Sheria ya 1908 iliweka mpaka wa mwendo: mtu asiyekaa katika eneo la mahakama hakuamriwa aje kwa mwili wake kama makao yake yalikuwa maili 50 au zaidi, au maili 200 penye reli au chombo kingine cha abiria kwa sehemu kubwa ya njia. Kwetu, tulio na reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, tofauti hiyo ilikuwa na maana. Shahidi aliyekaa kando ya njia ya gari la moshi alikuwa karibu kwa sheria, na mwenzake aliye ng'ambo ya milima pasipo njia alikuwa mbali, hata kama ramani yasema vingine. Kwa mtu wa mbali, au mgonjwa, au mwenye kukaribia kusafiri nje ya nchi, hakimu aweza kumpa mtu amri aende akamwulize kwa kiapo mahali alipo, na maneno yake yaandikwe na kuletwa. Sheria hiyo ya 1908 iliwasamehe pia kufika barazani wanawake ambao desturi yao si kuonekana mbele ya watu, na pwani yetu yenye wanawake watawa iliifahamu sana maana yake. Ilikuwa ni heshima. Lakini heshima nayo yaweza kugeuzwa pazia: ndugu mume akisema dada yetu ni mtawa, haji barazani, na kumbe hataki asikizwe juu ya fungu lake la urithi. Ndiyo maana yafaa hakimu amtume mtu akamwulize, asikubali kwamba kutokuja ni kutokuwa na neno.

Sasa nageukia kwetu wenyewe, watumishi wa umma, maana nasi tu watu, twakopa na kukopesha, twashtaki na kushtakiwa.

Sheria yaruhusu samansi ya mdaiwa aliye mtumishi wa umma ipelekwe kwa mkuu wa ofisi yake ili ampe. Wengi wetu huona haya sana jambo hili. Nimeona makarani waliomwomba mwenzao wa masjala aizuie barua ile mezani mpaka siku ya shauri ipite. Ndugu zangu, huo si urafiki. Anayekuzuilia samansi anakuchimbia shimo, kwa kuwa ukiisha kuhesabiwa kuwa umeitwa, hukumu haitangoji haya yako. Na wewe mkuu wa ofisi uliyeletewa karatasi hiyo, mpe mtu wako siku hiyo hiyo, kwa faragha, akutilie sahihi, uirudishe.

Tena sheria imesema kuwa mtumishi wa Serikali ambaye, kwa maoni ya mahakama, hawezi kuja bila kazi ya umma kudhurika, maneno yake yaweza kuandikwa mahali alipo. Angalieni maneno haya, kwa maoni ya mahakama. Haikusemwa, kwa maoni yake mwenyewe. Kazi ya umma haikuwekwa iwe kichaka cha kujifichia. Yule mkulima wa Mombo naye ana kazi, na mvua hazimngoji.

Basi kabla sijakaa, nawaachia makarani vijana mambo manne, myaandike kama mtapenda.

Kwanza, usipige mhuri karatasi ya tarishi yenye mahali patupu. Mrudishie ajaze, na kama hawezi kujaza, mwambie hakimu kuwa hakujaza.

Pili, hakimu akikuuliza, Ameitwa?, usijibu ndiyo. Jibu yaliyoandikwa: nani alipewa, wapi, lini, mbele ya nani. Neno ndiyo ni la hakimu kulisema, si lako.

Tatu, mtu akija dirishani kwako na karatasi asiyoielewa, mweleze kwa Kiswahili cha kawaida siku, saa na mahali, na yatakayompata asipokuja. Wengi wasiokuja si wakaidi, hawakufahamu walichoitiwa.

Nne, wewe mwenyewe ukiitwa, nenda. Kataa utakayoulizwa kama si ya kweli, yapinge mbele ya hakimu kwa kiapo, kwa stakabadhi na kwa mashahidi. Ndivyo methali isemavyo: lililokataliwa ni neno, si mwito.

Bwana Mwenye Kiti, yule mzee alifariki miaka mingi iliyopita. Kabla hajafa nalikutana naye siku moja pwani, akishusha samaki, nikamwomba msamaha. Alinitazama akacheka, akasema kuwa alikwisha nisamehe tangu siku ile nilipozihesabu stakabadhi zake bila kuniambia nizihesabu. Kisha akaniambia, Lakini mwanangu, siku nyingine ukimwita mtu, ngoja uisikie sauti yake ikiitika.